Chemba ya Themanini na Nane

Mkono ndio ulioanza kunung'unika, si mimi.
Kidole cha shahada kilibofya hata usingizini,
mume wangu akauliza: Oyunbileg, unachora nini shukani?

Duara. Namba. Kina. Mshale.
Duara. Namba. Kina. Mshale.
Chemba mia sita na kumi za mabomba ya joto
chini ya mitaa ya Ulaanbaatar,
na kila moja inadai mambo manne yale yale,
kwa mpangilio ule ule, kwa kijani kile kile.
Miaka tisa. Nilidhani huko ndiko kufanya kazi.

Jumatatu moja nilileta mabakuli mawili.
La kushoto nikalijaza aaruul,
maziwa ya mgando yaliyokaushwa hadi yakawa kokoto.
Kila nilipojikuta nafanya nilichokwisha kufanya
nikahamisha kipande kimoja kwenda kulia.
Sikubadili kitu. Nilitaka kujua tu.
Dashnyam wa meza ya dirishani akauliza kama nafungua duka.
Kufika saa tano asubuhi la kushoto lilikuwa tupu
na la kulia limefurika, vipande vinadondoka
juu ya kibodi.

Kumbe haikujificha katika kazi ngumu,
ile inayonikunisha kichwa
na kuja kila mara na sura mpya.
Ilikuwa katika kazi nyepesi,
ile inayofanyika huku nikiwaza bei ya makaa.
Pale akili inapoondoka na mkono ukabaki,
pale pana mlango.

Nikaandika mistari kumi na minne.
Mara ya kwanza skripti ilichora vizuri ajabu
chemba zote mia sita na kumi,
moja juu ya nyingine, katikati ya mto Tuul.
Dashnyam alicheka hadi akavua miwani.
Mara ya pili kila kina kikasomeka sifuri:
jiji zima likipashwa joto juu ya nyasi.
Mara ya tatu nilibonyeza, nikainua chai yangu ya chumvi,
na kabla sijaipuliza
kazi ya Jumatatu hadi Alhamisi ilikuwa imekwisha,
haina hata mshale mmoja uliopinda.

Sikuruka kwa furaha. Nilikaa,
mikono mapajani kama ya mgeni ukumbini.
Kwa nusu saa nzima niliogopa
kwamba miaka tisa nimekuwa mistari kumi na minne.

"Sasa utafanya nini?" akauliza Dashnyam,
ambaye bado huandika namba zake moja moja;
saba zake zina mkia, na hataki mashine iukate.
Sikumbishia. Zinasomeka.

Nikavaa koti.
Nje ilikuwa hasi thelathini na moja,
moshi umelala juu ya mapaa, hauna haraka.
Nikatembea hadi nyuma ya shule ya chekechea,
mchoro umekunjwa kwapani,
kuitafuta themanini na nane.
Nimeichora mara ngapi, sijui;
mbele ya mfuniko wake sikuwahi kusimama.

Upo. Wa chuma, umepasuka ukingoni,
mvuke unapenya kwenye ufa.
Ila uko upande huu wa barabara,
na mchoro, wangu kwanza, kisha wa skripti,
unaapa kwamba uko ule.
Juu yake amelala mbwa wa manjano, kajikunja mviringo,
barafu kwenye ndevu, tumbo kwenye joto.

Akafumbua jicho moja, akanikagua, akalifumba.
Nikatoa penseli, maana kalamu ya wino ilikuwa imeganda,
nikauvuta mshale mpaka hapa.
Kina nitamwuliza fundi.
Mbwa sina alama yake.